Nani Atakuchotea Maji

Barua ya chuo ilifika Karatu mjini, kwenye sanduku la posta la mwenye duka aliyetupokelea barua sote wa kijiji cha Buger, ikanifikia ikinuka iliki na mafuta ya taa. Nilikuwa nimechaguliwa. Masomo mengi ya mwaka wa kwanza yalikuwa ya lazima, lakini chini ya fomu iliyokuja na barua palibaki mistari miwili mitupu: chagua mawili kati ya ukunga, maabara, lishe na afya ya mazingira. Chini yake, sahihi ya mlezi.

Mlezi wangu alikuwa bibi. Nami nilitaka ukunga, kwa sababu yake. Hakuna aliyemwita mkunga. Walikuja tu mbio kumwita, naye akafunga shuka akaondoka. Mara nyingi alirudi akicheka. Mara chache alirudi kimya, akapita uani bila salamu, akaingia kibanda kidogo nyuma ya nyumba, nasi tukajua mtoto amekufa, au mama. Kwa desturi yetu Wairaqw, aliyeguswa na kifo namna hiyo alijitenga. Hakuchota maji na wenzake wala kukanyaga zizini mpaka siku zake ziishe. Mimi, nikiwa na miaka tisa, ndiye niliyempelekea maji. Niliweka kibuyu hatua chache kutoka mlangoni, nikarudi nyuma nikitazama chini.

Siku nilipomsomea fomu alikuwa akipukuchua mahindi. Nilipotaja ukunga, mikono yake ilisimama.

"Hospitali yao ni kubwa?"

"Kubwa, bibi."

"Watu wanakufa humo?"

"Wapo wanaokufa."

"Kila mwezi?"

"Pengine kila siku."

Aliwaacha kuku wasogelee mahindi bila kuwafukuza. "Sasa wewe utarudi nyumbani lini?"

Nikaelewa kwamba nimekataliwa. Mtu anayegusa kifo kila siku, siku zake za kujitenga zitakwisha lini? Nilijiona kibandani maisha yangu yote, nikisikia sauti za nyumbani kupitia ukuta wa udongo.

Fomu ilitakiwa iondoke na basi la Ijumaa. Nikatumia ujanja. Kwenye mistari miwili niliandika kwa penseli: maabara, na afya ya mazingira. Maabara ya shule yetu ilikuwa chumba cha chupa, na darubini moja iliyofungiwa kabatini. Hakuna aliyewahi kufia mle. Na mazingira, nilivyojua mimi, ni kuchimba vyoo.

Alhamisi nilimpelekea fomu mganga wa zahanati yetu, aliyekuwa amehamishiwa kwetu kutoka kijiji cha Kakesio, aikague kabla sijaipitishia wino.

"Maabara?" akasema. "Wewe uliyekuwa unachungulia dirishani kwangu akina mama wakijifungua?"

"Nataka kazi isiyo na damu wala kifo, daktari."

Alicheka mpaka akashika meza. "Binti yangu, maabara ni nini kama si damu? Asubuhi damu, saa nne makohozi, na kabla hujala mchana wamekuletea choo cha watu kwenye maganda ya viberiti ukipime! Na kipindupindu kikiingia, unadhani nani anasimamia mazishi? Si huyohuyo bwana afya wa vyoo?"

Nilikaa kwenye benchi la wagonjwa. Nilikuwa nimeitupa kazi niliyoipenda ili nikwepe damu na kifo, na nikatumbukia humo humo. Nikamweleza habari ya bibi. Akaacha kucheka.

"Alisema hapana?"

"Alisema, utarudi nyumbani lini."

"Hilo ni swali. Ulimjibu?"

Sikuwa nimemjibu.

Nilipanda kilima kurudi nyumbani, nusu nikikimbia, udongo mwekundu ukiongeza uzito wa viatu kila hatua. Bibi alikuwa uani akipepeta maharage. Sikungoja hata kuvuta pumzi.

"Bibi, nikisoma ukunga, utanizuia kuingia humu?"

"Nikuzuie? Nani kasema?"

"Uliniuliza nitarudi lini."

"Ndiyo, niliuliza. Mtu haulizwi?" Akaweka ungo chini. "We mtoto, unadhani nilikaa kibandani kwa sababu watu waliniogopa? Wengine waliogopa, sawa. Mimi nilikuwa nalia. Nalia, nalala, naamka nakuta umeniwekea maji. Hakuna anayeniita kupika wala kulima. Nikitoka pale naweza kumshika tena mtoto wa mtu. Sasa huko hospitalini kwenu mtu akufie asubuhi, mchana umshike mwingine. Utalala lini? Nani atakuchotea maji?"

Kumbe ndilo lililokuwa limeisimamisha mikono yake juu ya mahindi. Kitu kilichonikaa kifuani tangu siku ile kilishuka, nikahisi hata upepo wa kule juu, baridi, ukipita shingoni.

"Kuna bomba, bibi," nikasema. "Na likizo Juni."

"Bomba!" Alicheka hadi kitambaa cha kichwani kikalegea. "Bomba litakwambia pole? Haya. Juni uje. Kibanda kipo, na safari hii maji nitaweka mimi."

Nilifuta penseli kwa kipande cha ndala, nikaandika kwa wino: ukunga, lishe. Bibi hakujua kuandika, na wino wa kidole hatukuwa nao. Alipaka gumba masizi ya sufuria, akaligandamiza kwenye karatasi kwa nguvu zote, kana kwamba fomu ingekimbia. Alama ilitoka nyeusi, pana kuliko nafasi waliyoiacha. Nikaanza kucheka, na kucheka kukageuka machozi, naye akaniacha nilie.

Kisha akataka nimsomee orodha ya vitu vya kwenda navyo.

"Shuka mbili. Blanketi. Sabuni, ikipatikana. Ndoo moja."

"Ndoo ya nini, na wana bomba?"

"Sijui, bibi."

"Mimi najua." Akarudi kwenye maharage yake. "Beba kubwa. Ukiona mwenzako amefiwa na mgonjwa, umwekee maji mlangoni."