Kengele ya Angani

Ting. Mlio mmoja tu, mwembamba, halafu kimya. Mpaka leo nikifumba macho nausikia.

Kwetu Mugeta, mkoani Mara, ng'ombe wa mbele anavaa kengele shingoni. Ikilia asubuhi ujue zizi limeshafunguliwa, unaamka unafuata. Kwa hiyo ndege ilipolia ting, mimi niliyekuwa nimesinzia nikasimama. Nilisimama kabisa, natafuta fimbo.

"Keti, mwanangu," akasema mama aliyekaa dirishani, akinivuta sketi. "Hiyo ni ya mikanda. Hakuna ng'ombe huku."

"Umejuaje kama ni ng'ombe, mama?"

"Umesema 'hoo, hoo' usingizini. Anayesemaga hivyo ni mtu wa kwetu."

Anayesemaga! Nilikuwa natoka Dar es Salaam, kwenye mafunzo ya kazi ya hoteli niliyopata Doha, na huko mwalimu alinicheka kila nilipotamka ile "ga" yetu ya mwisho wa neno. "Wewe wa Mara, ga ga ga, kama bata." Nikaapa "ga" hiyo nitaiacha Tanzania, isipande ndege. Kumbe imepanda, tena imewahi kiti cha dirishani.

Nikampa shikamoo yake vizuri. Akaniambia anauza samaki Musoma mjini, nyumbani kwake ni Mukendo. Alikuwa anakwenda kumwona mwanawe wa pekee, dereva hukohuko Doha. Miaka tisa hawajaonana. Nikasema basi hiyo ni furaha. Akasema akitazama mawingu.

"Siku hizi akipiga simu anaongea kama redio. 'Mama, natumai u mzima wa afya.' Nani kamfundisha? Naogopa nitamkuta mgeni. Nitakaa kwake nimekunja miguu, naomba maji kwa adabu."

Chini yetu mawingu yalikuwa yametandazwa kama pamba ya Bunda iliyoanikwa, nikajiona nimeshuka natembea juu yake pekupeku, na mama yangu yuko mbele na kapu, ananiita bila kugeuka. Ndivyo nilivyo, jambo likiwa gumu naota. Lakini safari hii kuota kulinisaidia, maana katika kuota kule nilisikia jinsi mama yangu anavyoniitaga.

"Usisikilize salamu zake, mama. Salamu ni za watu wote. Sikiliza kama atatoa 'ga'. Hiyo haitokagi kwa mgeni."

Akacheka mpaka mhudumu akageuka. "Na asipoitoa?"

"Umembebea nini?"

"Furu wakavu, wale samaki wadogo wa ziwani kwetu. Nimewafunga mara nne wasinuke."

"Basi wafungue."

Tulipotoka na mizigo uwanjani Doha, mimi nilitakiwa kumsubiri mtu wa hoteli, kwa hiyo nilisimama karibu na yule mama. Mwanawe alikuja, mrefu, shati limenyooshwa pasi mpaka kola.

"Shikamoo, mama. Pole na safari. Natumai hukupata usumbufu wowote."

Redio kabisa. Mama akaitika marahaba kwa sauti ndogo, akanitazama. Nikamwonyesha begi kwa kidevu. Akapiga magoti pale pale kwenye sakafu inayong'aa kama kioo, akafungua zipu, akatoa furushi, akaanza kufungua. Fundo la kwanza. La pili. Watu wanatupita na masanduku yao ya magurudumu. La tatu lilikataa, akalifungua kwa meno.

Kabla ya la nne mwanawe akainama. Akanusa. Kisha akachuchumaa, na shati lake lile.

"Mama, hawa furu," akasema. "Nilikuwaga nawaota. Naamka nimelamba mto."

"Mura," mama akasema, maana ndivyo kijana wa kiume anavyoitwa kwetu, akamshika masikio yote mawili kama anamwogesha. "Mura, mbona umekonda hivi?"

Hawakukumbuka kuniaga, na mimi sikutaka wakumbuke.

Nikasogea peke yangu nyuma ya nguzo. Kwenye simu nilikuwa na ujumbe wa sauti niliourekodi Dar, wa kumtumia mama yangu nikifika, Kiswahili kimenyooka kama rula. Nikausikiliza. Ulikuwa wa binti mwingine. Nikaufuta, nikabonyeza upya, nikasogeza mdomo karibu.

"Mama, nimefika. Kengele zao huku zinaliaga kama ya ng'ombe wetu."