Kikombe cha Kijani

Nilizoa choo mtaa wa mabanda wa Raila miaka minane na sioni haya kusema. Haya yangu ni nyingine, tutafika.

Choo cha ploti, kile cha wapangaji wote, kikijaa, unamwaga mafuta ya taa kupunguza harufu, unachota mavi kwa ndoo, unajaza mapipa, kisha unasukuma mkokoteni hadi kwenye mfereji mkuu wa majitaka kule juu. Hiyo ndiyo njia halali. Njia ya uvivu ni kungoja mvua. Kila choo cha upande wa bonde kina tundu chini, limezibwa kwa magunia na udongo. Mvua ikishika unazibua, na maji yanabeba kila kitu mpaka mtoni. Wataalamu walikuja na michoro yao kutufundisha jinsi majitaka yanavyosafishwa. Tukawapa viti, tukawasikiliza, wakaenda zao. Mtambo wetu sisi ulikuwa mawingu.

Lakini hata uvivu ulikuwa na sheria. Kabla ya kuzibua unateremka, unagonga kila mlango wa chini: "Tunafungua! Inueni vitu!" Watu wanapandisha magodoro mezani, wanaziba milango kwa magunia ya mchanga, wanakutukana kidogo, basi. Kuzibua bila kugonga, hata mlevi hakuthubutu.

Nyumba ya mwisho kabisa, ukingoni mwa mto, ilikuwa ya dada yangu, fundi cherehani. Yeye ndiye aliyenitoa Kitui akanilaza kwake mwaka mzima. Nilipoanza kuzoa choo alininunulia kikombe cha plastiki, cha kijani, akakitundika kwenye msumari nje ya mlango. Vile vya maua vilikuwa vya wageni. "Usichukie," akaniambia, "ni vile wateja wanaona." Nilichukia, bwana. Kila siku nilikunywa chai nimesimama nje, na mvuke wa sufuria yake ukinipiga usoni.

Mwaka ule kanisa lake la Kawangware lilimpa kazi ya kushona mavazi ya kwaya ya Pasaka, meupe yote. Wakiyapenda, angeshonea na makanisa mengine, ahame bondeni. Alikuwa ameshachagua chumba mtaa wa Satellite, chenye choo cha kuvuta maji. Alikisifu hicho choo mpaka nikacheka.

Siku tatu kabla ya Pasaka nilipita kwake mchana. Mavazi yalikuwa yamekunjwa, yamepangwa kwenye mkeka sakafuni, maana meza ilikuwa ya kupigia pasi. Wanakwaya wawili walikuwa wamekaa kitandani wakijaribu kola. Niliingiza mguu mmoja tu.

"Toka!" dada akafoka. "Utayaharibu na hiyo harufu yako!"

Wale wawili wakaziba pua, wakacheka. Nikatoka. Mvua ilikuwa inaanza.

Huko juu kulikuwa na choo kilichongoja mvua wiki nzima. Mwenzangu wa kazi akaniuliza, "Umegonga chini?" Nikasema nimegonga. Nikazibua kwa mikono yangu mwenyewe. Na ukweli nikuambie, nilifurahi. Nilisimama pale nimelowa chapachapa, nikitazama mavi yakiteremka, nikasema moyoni: haya, nusa na wewe.

Asubuhi yake akanipigia simu. "Njoo unisaidie. Wewe ndiye unajua hii kazi."

Nilimkuta amepiga magoti sakafuni. Mavazi alikuwa ameyafua mara nne, yako kwenye kamba, manjano. Kwaya ilikuwa imeshatuma ujumbe kwamba itavaa ya zamani. Hakuniuliza kitu, vyoo vya juu ni vingi na wazoaji ni wengi. Tulisugua mpaka saa saba. Kisha akapika chai, akafungua kabati, akanipa kikombe cha maua.

"Kaa hapo kitandani," akasema. "Kanisa zima hakuna aliyekuja. Ni wewe tu. Nisamehe juu ya kile kikombe, haki."

Alikuwa analia. Nikanywa yote. Akaniongeza.

Cha kijani alikitupa mtoni siku hiyo hiyo. Bado anaishi pale pale chini. Habari ya Satellite haitaji tena. Nikienda Jumapili ananimiminia kwenye kile cha maua, anaomba Mungu amlaani yule aliyefungua bila kugonga, nami naitikia amina.