Mama Yake Alikuwa Amekufwa, na Miye Nikamutafutia Sauti

Ni miye. Mbele hamujauliza ni nani, ni miye, musisingizie muntu mwingine. Ile kosa niliifanya na kinywa yangu mwenyewe, akili iko yote, sikuwa nimekunywa hata bière moja!

Jina sisemi. Bale bananijua batanijua tu, juu kinywa sawa hii hakuna mbili mu Bruxelles muzima. Miye ni ule muntu akiona panya, akifika kwenu inakuwa mbuzi, akifika kwa jirani inakuwa ng'ombe na pembe. Masomo sina. Donc ninasema vile ninasemaka, mutanivumilia.

Bon. Nilikuwa ninakaa Saint-Josse, chumba moja juu ya duka ya Muturuki, ngazi imesimama sawa ukuta. Kupiga telefone ku Bukavu na ligne ya kawaida ilikuwa kuchoma mushahara. Unasema "jambo mama," kilo ya nyama imeenda. Unasema "batoto bako namna gani," viatu bimeenda. Siku moja nikaona kakaratasi ku dirisha ya duka: unapiga numero ya hapa hapa Bruxelles, mashini ya sauti ya mwanamuke inakuitika, unaingiza code, kisha unapiga numero ya kwenu. Sauti yako inapita njia ya panya, sijui inazungukia Amerika, sijui wapi. Lakini bei, nusu! Nusu ya nusu!

Mais ile ligne, bantu ya Mungu! Ilikuwa sawa muntu anasemea mu pipa, pipa iko mu kisima, kisima iko ku mwezi. Unasema "jambo," jambo yako inakurudilia. Tonton mumoja, muzee wa kwetu, aligombana na sauti yake mwenyewe mpaka akaitukana na mama yake. Hata bibi yako, ulikuwa unamutambua tu juu amesema ni yeye.

Shikeni ile neno. Njo pale nilianguka.

Kila dimanche kisha misa chumba yangu ilikuwa sawa gare ya train. Bantu ku kitanda, bantu ku ngazi, kila mumoja anangojea zamu, na miye katikati, mufalme wa telefone, ninabachekesha mpaka banashika tumbo.

Mu bale kulikuwa dada mumoja. Nitamuita Nsimire, si jina yake. Mutoto wa avenue yetu kule Bukavu, alikuwa ananiita yaya, sawa ndugu yake mukubwa. Alikuwa anakaa Anderlecht, anatunza koko mumoja muzungu, muzee sana, kule Uccle, na alikuwa na mimba kubwa. Bwana yake, Issa, ni Muislamu wa Bujumbura, muntu mupole sawa maji ya mutungi. Lakini mama yake Nsimire, mukristo wa kiti ya mbele, alikataa ile ndoa. Alimwambia: "Ukiolewa na ule, usiniite tena mama." Nsimire akaolewa. Kisha kimya, huku na kule.

Mimba ilipokomaa, woga ikamushika. Kwetu munajua, mwanamuke haendi kuzaa na neno ya mama juu ya kichwa. Akaniambia: "Yaya, nitafutie mama ku telefone. Aniachilie tu. Neno moja, nipate kuzaa na roho nyeupe."

Kule kwetu telefone mu avenue nzima ilikuwa moja, ya papa muuza vitenge. Nikapiga, bakaniitia mama mudogo wake Nsimire, ndugu ya mama. Akasema: "Nitamwambia dada yangu. Dimanche ijayo nitamuleta hapa."

Jeudi, siku tatu mbele ya ile dimanche, nikapiga tena miye mwenyewe, bila sababu, juu ile bei ilikuwa inaniwasha vidole. Mama mudogo akakuya ku telefone analia.

"Dada yangu ametutoka. Alianguka ku soko, tumemuzika jana. Sikia muzuri: usimwambie Nsimire ku telefone. Usimwambie peke yako. Tafuta bakubwa, bapapa na bamaman, muende kwake, mukae chini, mumushike. Unasikia?"

"Ninasikia, mama."

Nilisikia! Masikio ilikuwa nzima yote!

Niliita nani? Hakuna. Vendredi nikasema kesho. Samedi nikasema kesho. Miye muntu wa kuchekesha, muntu wa kuliza sikujua namna ya kuwa.

Dimanche Nsimire akafika mbele ya bote, na robe, gauni nyekundu, na beignets, mandazi za moto, mu mufuko. "Yaya, nimeota mama anacheka!"

Nikaangalia ile tumbo. Nikasema mu roho: nikimwambia sasa, hawa babili batanikufwia hapa. Nikamutuma chini kwa Muturuki kutafuta maziwa. Akitoka tu, nikapiga, bakaniitia mama mudogo.

"Mama mudogo, leo weye njo mama yake."

"Unasema nini?"

"Mwambie umemusamehe. Ku hii ligne hata malaika hawezi kujua ni nani."

"Weye! Dada yangu hata udongo haijakauka!"

"Mama, anaenda kuzaa. Munataka kuzika tena?"

Sauti yangu ikanirudilia peke yake: kuzika tena... kuzika tena... Nyuma nikasikia viatu ku ngazi.

Nsimire alishika telefone na akapiga magoti, na ile tumbo yake, ku kakapeti kangu. "Mama? Ni miye. Mama, nilikukosea."

Kule mu pipa ikatoka kilio. Mama mudogo alikuwa analilia dada yake. Nsimire akafikiri mama anamulilia yeye. Kisha ile sauti ikasema: "Nimekusamehe, mwanangu. Uzae muzuri."

Na miye? Nilijiona docteur! Nilijiona nimefufua muntu! Nilikula zile beignets, nikalamba mpaka na sukari ya vidole.

Kama ingeishia pale, pengine Mungu angenihurumia. Lakini dimanche ya kufuata akarudi, na ingine, na ingine. Mama mudogo alikuwa amechoka, ananiomba: "Mwana, iache sasa." Miye ninamwambia: "Kohoa kidogo, marehemu alikuwaka anakohoa." Munasikia bubaya yangu! Mpaka Nsimire akaomba jina ya mutoto. "Mama" akatoa: Neema.

Akazaa. Mutoto mwanamuke, muzima, kelele sawa ya baba muhubiri. Nikaenda hospitali na fungu yangu ya maua. Telefone ilikuwa pembeni ya kitanda. Nsimire akasema anataka kumwambia mama.

Nikamwambia: "Acha, mudogo wangu, ni bei. Tutapigia kwangu dimanche."

Issa akacheka. "Yaya, leo hapana njia ya panya. Leo tunapita barabara kubwa!" Akapiga yeye mwenyewe, moja kwa moja, bei nzima.

Eh, ile ligne! Safi sawa kioo! Miye niko ku mulango na ninasikia jogoo ya Bukavu inawika. Kwa papa muuza vitenge bakaita ule "mama" wa kila dimanche. Nsimire, uso yote inacheka, akasema: "Mama, Neema amefika!"

Kule bakajibu. Na niliona ile kucheka inazimika polepole, sawa taa ya mafuta.

"Mama mudogo? Mbona ni weye?... Nipatie mama."

Kule mama mudogo akaanza kulia. Ile siku hakukuwa hata echo ya kuficha ile kilio.

Nsimire alisikiliza habari ya kifo mpaka mwisho, akaweka telefone chini polepole, sawa yai. Hakuangalia Issa. Aliniangalia miye.

"Yaya. Tangu lini?"

"Tangu... mbele ya ile dimanche ya kwanza."

"Basi nani alinisamehe?"

Miye kinywa kubwa, miye wa kutoa ng'ombe mu panya, niliangalia zile maua mu mukono.

Ile jina ya Neema akaitoa ku mutoto. Aliniambia neno moja tu tena, na hakupaza sauti, ingekuwa heri angenipiga: "Banyumbani balikuwa mu kilio, miye nilikuwa kwako na robe nyekundu, ninacheka na beignet mu kinywa. Njo weye ulinivalisha vile."

Bakubwa baliniita. Maman mumoja wa kwaya akasema: "Hata kama ilikuwa huruma, kifo ya mama ya muntu haikuwa ya kwako kuificha mu mufuko." Tangu pale ngazi yangu haipandi muntu. Mu tram bananihama kiti. Nikianza hadisi, bantu banaangalia viatu yabo.

Sasa mungoje, kibaya zaidi iko mbele.

Kisha myezi mingi kupita, nikapiga kwa mama mudogo kuomba musamaha. Akaniambia kitu sikukijua. Lundi ya ile juma ya kifo, alipomwambia dada yake kama Nsimire anamutafuta ku telefone, mama hakugomba. Aliingia mu nyumba, akatoa kitenge yake ya njano, akaifua, akaianika. Akasema: "Hii njo nitavaa dimanche, nikaongee na mutoto wangu." Alikufwa ingali ku kamba.

Munafahamu? Alikuwa amemusamehe! Yeye mwenyewe, bila miye, bila mashini! Kama ningeita bakubwa na tukakaa chini, ile neno ingetoka kwa mama mudogo mu kilio, bote banasikia, na Nsimire angelia na angepona.

Nilikimbia mpaka Anderlecht, hata metro niliiona inatembea polepole. Nikagonga. Hakufungua. Nikamusemea nyuma ya mulango, yote, kitenge, kamba, yote.

Akasema: "Ni nzuri, yaya. Umeitunga leo ao jana?"

"Uliza mama mudogo!"

"Mama mudogo gani? Ule wa kukohoa?"

Nikashuka ngazi.

Bandugu, bei kidogo ya telefone haina kosa, pigeni, musemeshe bazazi bangali bazima. Lakini kifo ikikufikia ku sikio, usiibebe peke yako, hata kama unajua kuchekesha sawa miye, zaidi kama unajua kuchekesha. Ita bakubwa. Kaeni chini. Semeni. Machozi ya muntu ni yake, usimwibie ati unamuhurumia. Na ukizoea kutia chumvi mu kila chungu, siku utaleta maji safi, bantu batatema.

Nsimire, kama hii karatasi inakufikia: kitenge ilikuwa ya njano. Ilikuwa ku kamba. Sikuongeza kitu.