Jina Kwenye Kola ya Sweta

Ngo, ngo, ngo-ngo-ngo. Jiwe kwenye geti la mabati. Mpaka leo, mtu akigonga hivyo hapa Kitengela, mkono wangu unaenda wenyewe kwenye kola.

Aliyegonga alikuwa rafiki yangu, tuliyekaa naye dawati moja kidato cha pili. Msichana wa Kimaasai, mrefu, mdomo haufungwi, kicheko chake walimu walikisikia hadi ofisini. Ilikuwa Jumamosi ya Julai, na Julai kwetu ni baridi ya kuuma masikio. Mkononi alishika sweta yangu ya shule, niliyompa jana yake.

Niseme ukweli, wiki hiyo niligawa vitu kama mtu anayehama. Seti ya hesabu kwa huyu, vibanio vya nywele kwa yule. Mwaka mmoja nyuma, baba alifariki kwenye ajali barabara ya Namanga, nami nilikuwa nimeketi kando yake. Nilitoka na mchubuko wa kiwiko, basi. Tangu siku hiyo, mimi na mama hatukumtaja. Mama alishona kwenye kiwanda cha nguo kule Athi River. Akirudi tunakula, tunalala. Nikajiambia kwamba akiniangalia anajiuliza mbona nimebaki mimi. Nikafika mahali pa kuona afadhali nisiwepo. Na mbele za watu, eh, kucheka nilikuwa nacheka sana.

Mama akafungua geti.

"Yeyo," rafiki yangu akamwambia, vile kwao wanamwita mama. "Huyu wako amenipea sweta. Julai, yeyo! Nani hupeana sweta Julai? Na wiki nzima anagawa vitu vyake."

"Si nilikuambia usiseme!" nikamfokea.

"Hiyo siri imenishinda kubeba. Kasirika ukitaka." Akageuza kola. "Na ona hapa. Ametoa jina."

Mama alipapasa ile kola. Jina langu alilishona yeye mwenyewe kwa mashine, uzi mweupe, nilipoingia kidato cha kwanza, maana sweta za shule huibiwa. Nilikuwa nimelifumua kwa pini. Vilibaki vitundu tu.

Akaniuliza palepale, bila kuzunguka: "Unataka kujiua?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Mama akakaa chini kwenye simiti, pwaa. "Nilikuona ukicheka nikadhani umepona. Nikasema nisikutoneshe."

"Mimi nilidhani umekasirika kwa sababu nimebaki."

"Wewe? Si wewe ndio kitu pekee nilishukuru siku ile!"

Akanivuta, tukalia. Tulilia mpaka rafiki yangu akapangusa pua na mkono wa sweta yangu. "Sasa hata mimi nalia. Jamani, hii nyumba haina chai?"

Mama akacheka. Nilikuwa nimesahau kwamba ana pengo upande.

Jumamosi hiyo na Jumapili mama hakuniacha hata kidogo. Jumatatu aliomba ruhusa kazini, tukaenda hospitali kwa mshauri nasaha, na tukarudi huko mara nyingi. Sikupona kwa siku moja. Kuna siku ziliuma vilevile, lakini sasa nilizitaja, na jina la baba likaanza kusikika mezani. Rafiki yangu naye alizunguka darasa akidai vitu vyangu kama askari wa kanjo anayedai ushuru sokoni. Kibanio kimoja cha buluu alikataa kurudisha.

"Hiyo ni faini ya kunisumbua," alisema.

Mama aliahidi kushona jina upya kwa mashine, lakini kazi zilimzidi. Miezi michache baadaye, Jumapili moja, alienda kanisani mapema. Nikatafuta sindano. Uzi uliokuwepo ulikuwa mwekundu. Nikakaa mlangoni juani, nikashona jina langu herufi moja moja, nikifuata vitundu vilevile, na bado likapinda.

Nikakata uzi kwa meno, nikaivaa sweta, na joto lote lile.