Usichokitaja Hukili

Genovaitė alipika kantini ya shule pale Anykščiai mpaka akastaafu, na hakuna mtoto aliyepakuliwa supu kabla hajaitaja jina. Basi bintiye Rasa alipomleta mchumba wake Duarte, Mreno, mama hakulegeza uzi.

"Siku ya harusi mimi ndiye wa kuwapokea mlangoni kwa mkate na chumvi," alisema. "Simpokei mtu asiyejua hata mkate unaitwaje kwa lugha yetu. Na hapa kwangu, usichokitaja hukili!"

"Mama, utamuua kwa njaa!"

"Mdomo si anao? Aseme."

Maskini Duarte! Alianza na duona, yaani mkate, akala mkate mtupu. Kesho yake akapata sviestas, siagi, akaipaka utadhani anakandika ukuta. Jirani yao Stasė alimwona uani akaja mbio. "Shoga, mkweo suruali inamvuka!" Genovaitė akajifanya hasikii, ila roho ilimuuma. Mpishi mzima, mgeni analala na njaa nyumbani kwake!

Jumapili akaandaa meza, na Stasė akaitwa awe shahidi. Duarte akanyoosha kidole, jasho linamtiririka. Varškė, ile jibini laini. Silkė, samaki wa chumvi. Likabaki bakuli la supu baridi ya bitiruti, ya rangi ya waridi, ambayo jina lake hata wajukuu wa Stasė hulivunjavunja.

"Šaltibarščiai," akasema Duarte, neno zima bila kukwama.

Genovaitė alishtuka hata kipande cha mkate kikamponyoka, pu, sakafuni. Mkate ukianguka huokotwa ukabusiwa; hilo alilifanya tangu utotoni. Siku hiyo alibaki kaduwaa. Duarte ndiye aliyeinama, akakiokota, akakibusu, akakitia kinywani.

"He! Hilo nalo kafundishwa na nani?" Stasė akauliza.

"Hakuna aliyemfundisha," Rasa akajibu. "Anamtazama mama tu huko jikoni."

Genovaitė akalia, tena kwa sauti, bila haya. Alikuwa anampenda kijana huyu na hakutaka kujua. Akajifuta kwa aproni, akaenda kwenye oveni, akarudi na sinia linalofuka moshi, akamrundikia sahani mpaka ikafurika.

Duarte akaangalia chakula kile, akamwangalia mkwewe, hofu imemjaa. Hakujua kinaitwaje.

"Kula, mwanangu," Genovaitė akasema. "Jina utalijua ukishiba."