Viatu vya Mjukuu Wangu Viko Nansha, na Lawama Nimemwachia Mwingine

Kwanza niwaseme. Nyinyi mliokuwa mnapanda lifti kila Ijumaa kuja kula pilau yangu hapa Guangzhou, karibu na jengo la Tianxiu, mko wapi? Miezi mitatu! Mmempata wapi mama mwingine wa kuwapakulia ukoko kabla hamjauomba? Mwenye ukurasa ameahidi kulificha jina langu, lakini mkono wangu mnaujua, na mkinitambua fungeni midomo. Sijakanyaga shule hata siku moja. Haya nimeyasema kwenye simu, yeye ndiye kayaandika.

Nina miaka sitini na nane. Napika, na nanunua jinzi kule viwandani Xintang nazituma nyumbani. Naishi na mjukuu wangu, tumwite Rehema, ana miaka ishirini na mitatu, anasoma chuo hapa kwa ufadhili. Huyu mtoto ana kazi ya pili ambayo nikiitaja watu wanadhani natania. Analala chali juu ya kibao chenye vyuma viwili chini, miguu mbele, anateremka mlima wa barafu. Wala si njia ya kujengwa. Ni njia ya mlimani hivyo hivyo, imemwagiwa maji ikaganda, na pembeni ni miti. Breki ni miguu yake. Mtu mwenye akili zake, breki miguu!

Aliyemwingiza ni mwanamume mmoja wa kwetu, mimi namwita Bwana Traksuti kwa kuwa sijamwona na nguo nyingine. Anajiita rais wa chama. Chama chenyewe ni yeye, muhuri wake, na Rehema. Yeye hajalala juu ya hicho kibao hata sebuleni. Alimwambia mtoto, "Nchi yetu haina mtu kwenye mchezo huu. Hata ukiwa wa mwisho, wewe ndiye wa kwanza." Maneno ya kuuzia simu mbovu hayo.

Guangzhou barafu ni ya kuwekea samaki tu, kwa hiyo Rehema alijifunza kwa kibao cha magurudumu kwenye barabara za vilima huko Zengcheng, alfajiri, kabla malori hayajaanza. Baridi ilipofika akapanda ndege kwenda Ulaya kushindana. Mwaka wa kwanza akawa wa mwisho. Wa pili akawapita watu wanne. Nilipiga vigelegele mpaka jirani Mchina akagonga ukuta. Hilo nalikiri.

Mwaka jana alitoka njiani akapiga mti, akavunjika mtulinga. Traksuti akanipigia simu. Nikamuuliza, "Mwanangu yuko hai?" Akajibu, "Bi mkubwa, usiwe na wasiwasi, kibao hakikuvunjika." Kibao! Nilimtukana matusi ambayo mwenye ukurasa amekataa kuyaandika.

Mfupa ukaunga. Wiki tatu zilizopita Traksuti kaja na kapu la machungwa yaliyonyauka, anataka Rehema arudi mashindanoni. Rehema akachanua kama bibi harusi. Ndipo nikafanya nilichofanya.

Ana viatu vya breki, vyenye meno ya chuma kwenye soli. Alitengenezewa na fundi mmoja wa Xintang anayerekebisha mashine za kushonea jinzi. Mguu wake wa kushoto ni mfupi kidogo kuliko wa kulia, akivaa vya kuazima kibao kinamvuta upande. Fundi alivirudia mara sita ndipo vikakaa sawa. Basi siku moja akiwa chuoni nikavichukua, nikavisokomeza katikati ya robota langu la jinzi. Nilitaka vikae humo mpaka ndege ya kwenda mashindanoni imwache. Robota lilikuwa la kuondoka mwezi ujao.

Lakini makontena yetu ya kuchangia mnayajua. Nafasi ikibaki kidogo, wakala wa mizigo anapita kuokota robota la yeyote. Nilikuwa sokoni. Akabeba, akaniachia karatasi mlangoni. Mimi na karatasi wapi na wapi? Nikadhani ni tangazo la kukatika maji, nikafunikia sufuria, mpaka usiku nilipoona robota halipo.

Rehema alitafuta siku mbili. Siku ya tatu akamkabili Traksuti chini ya jengo letu, mbele ya wafanyabiashara wote. "Umeviuza! Kila kitu wewe unauza, na viatu vyangu umeviuza!"

Mtu yule akainua mkono juu. "Rehema, haki ya Mungu, sijavigusa."

"Mwizi wa ndala!" mmoja akapaza sauti, watu wakacheka. Na mimi nilikuwepo, nikacheka. Pengine ndiyo mara yake ya kwanza kusema kweli tangu azaliwe, na mimi nimeshika mfuko wa vitunguu, nacheka.

Sasa Rehema kasema hachezi tena. Nimepata nilichotaka. Anashinda amelala chali sakafuni, anainamisha bega kushoto, anainamisha kulia, anapita kona ambazo mimi sizioni. Jana kaniambia, "Bibi, ni wewe tu ambaye hujawahi kunidanganya." Nikamwambia ale, wali unapoa.

Wakala anasema robota bado liko ghalani, bandarini Nansha, kontena linafungwa Jumamosi. Nikisema, mtoto anarudi kwenye miti. Nikinyamaza, yule mpuuzi anabaki mwizi na mjukuu wangu anabaki sakafuni. Na asiniandikie mtu "shukuru Mungu yuko salama." Huo ni ushauri wa watu ambao hawajapenda kitu maishani mwao. Nipeni neno la maana: niseme, au nife nalo?

Halafu Ijumaa hii mje. Kabla hamjakaa, mtazameni Rehema miguuni. Mkimkuta anasugua yale meno ya chuma kwa brashi, kaeni mle. Mkimkuta na kandambili, msinisalimie wala msiniulize kitu. Mwambieni nyinyi, kwa sauti, viatu viko wapi na nani kaviweka. Mimi nitakuwa jikoni, nitasikia.