Ekrani na mugongo ya Mama Faida

Mimi ni mutu ya kuibiwa. Vita ilibeba ng'ombe zangu kule Kalehe, na kiwanja changu kilikuliwa na shemeki yangu Déo, namutaja jina. Basi wakati nilinunua ekrani, kioo kubwa, ndefu, kwa chumba changu cha michezo ya video kule Bagira, niliapa hakuna mutu atanichezea tena.

Mama Faida aliibeba toka soko ya Kadutu, kamba ku paji la uso, kartoni ku mugongo, vile bamama babebaji banabebaka. Kufungua, ekrani imepinda. Nikaipima ku mugongo ya Mama Faida: kioo na mugongo yake vimepinda sawasawa.

"Ni weye uliipinda," nikamuambia.

"Papa, mimi nabebaka simenti, haijapinda. Ukinichafulia jina, nani atanipa tena muzigo?"

"Utaeleza kwa muuzaji."

Nikamubebesha tena. Mimi mbele, kichwa juu, nikieleza kila mutu njiani namna nilimukamata muharibifu. Tangu vita sijatembea vizuri vile. Tulifika Kadutu na batu nyuma yetu kama arusi.

Muuzaji, Papa Josué, hakubisha. Akafungua kartoni nyingine, na nyingine. Zote zimepinda.

"Zinatengenezwaka vile, papa, ili mwenye kucheza aone pande zote."

Batu bakacheka mupaka bakakaa chini. Mama Faida akatoa kamba yake polepole, akaivalisha ku paji langu.

"Sasa beba weye, papa. Mugongo yako imenyooka, labda itainyoosha."